Kibuyu Nilichokifungia Kamba ya Shemeji

Mwangaluka, ndugu zangu. Na ambao si Wasukuma, hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha kusaidiana kuacha ulevi ameniomba niseme kwa ufupi. Nimemwambia ufupi na mimi hatukuzaliwa tumbo moja, lakini nitajaribu. Nimeandika kwenye daftari, maana nikisimama mbele za watu moyo unanienda mbio, nasahau nilipoanzia. Shule niliishia darasa la pili, nikapelekwa kuchunga. Mkiona nasoma polepole, mnivumilie. Majina ya watu sitayataja.

Nataka nianze na utamu, kwa sababu wengi wakitoa ushuhuda wanaanza na matapishi, na mtu anajiuliza, sasa alikuwa anafuata nini? Mimi nilifuata utamu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, miaka ya foleni za sabuni na sukari. Nilikuwa Nyarugusu, nachimba dhahabu. Bia ya chupa ilifika mara moja kwa kipindi kirefu, na sigara ya dukani uliinunua moja moja kama dawa. Tukarudi kwenye vya kwetu. Mke wangu alikuwa fundi wa pombe ya mtama mwekundu. Kimea cha ulezi hakukianika mkekani kama wengine. Alikianika juu ya mwamba, halafu sehemu yake akaikaanga kwenye chungu mpaka ikawa kahawia na kunukia. Pombe yake ukiiinua juani ilikuwa na rangi ya asali ya porini. Wanawake wa pale walimwuliza siri, akawajibu, "Siri ni kutokuwa na haraka," wakakasirika, wakadhani anawaficha.

Na tumbaku. Mzee mmoja wa Ushirombo alilima yake nyuma ya nyumba, akaning'iniza majani jikoni juu ya moshi wa kuni. Mimi nilisokota jani zima bila karatasi, nene kama kidole gumba. Nawaambia ndugu zangu, vitu hivi viwili vina adabu yake. Tumbaku nyeusi kali inaiua pombe ile. Inataka ya kahawia, iliyokaa jikoni. Kwanza unapiga funda moja, unalishika mdomoni, unameza. Ndipo unavuta. Ukianza na moshi, ulimi unalala, na pombe inakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Nasema haya na mate yananijaa mdomoni, Mungu anisamehe. Sitawadanganya kwamba ilikuwa mbaya.

Shida ni kwamba ilianza kunipangia kazi. Mwanzo nilikunywa jioni. Halafu saa ya chakula cha mchana. Halafu asubuhi mkono ulitetemeka mpaka nipate kibuyu kimoja na msokoto mmoja, na mimi nikasema ni baridi. Nyarugusu, baridi!

Tulikuwa na duara letu, yaani shimo, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kina chake ni miti miwili ya mvumo iliyosimama mmoja juu ya mwenzake. Yeye alishuka kwa sababu alikuwa mwembamba. Mimi nilibaki juu. Kulikuwa na kamba nene ya ndoo, inayozungushwa kwenye gogo, na kamba nyembamba ya katani ya kuitia. Aliye chini akivuta mara moja, unapandisha ndoo. Mara mbili, unateremsha vyombo. Mara tatu bila kupumzika, nitoe mimi. Desturi ya pale, na kila mchimbaji aliijua, ni kwamba aliye juu anaifunga kamba ile mkononi, kwenye kiungo cha mkono. Si mguuni, si kwenye kigingi. Mkononi.

Sasa, msokoto unataka mikono miwili. Ukisokota halafu mtu akavuta kamba, jani linapasuka. Yamenipasukia mengi. Siku moja nikapata akili, nikaiita akili: nikaifunga kamba kwenye shingo ya kibuyu changu. Akivuta, kibuyu kinacheza, mimi naona. Na kweli kilicheza. Wiki nzima kilicheza vizuri, nikajisifu. Hakuna aliyejua. Shemeji hakujua.

Siku ninayowaambia, mke wangu alikuwa ameepua pombe mpya. Akanijazia kibuyu mpaka mdomoni. Jua lilikuwa kali, nikakifukia kwenye mchanga wenye unyevu mpaka tumboni ili kipoe. Mnaona ulipo mtego? Mimi sikuuona. Kibuyu cha wiki nzima kilikuwa nusu, tena kimekaa juu juu.

Shemeji akasimama kwenye ndoo, akanitania kama kawaida yake. "Shemeji, kamba iko mkononi?"

"Iko."

"Haya. Nikibaki humu, dada yangu anarudi nyumbani, na ng'ombe wako wa mahari hurudishiwi."

"Wale wenyewe walikuwa wamekonda," nikamwambia. Akacheka, akashuka na koroboi yake.

Nikapandisha ndoo mbili za mawe, kwa yeye kupiga kelele tu, maana alikuwa bado chini ya mdomo wa shimo. Halafu akaingia ndani zaidi, sauti ikakatika. Mimi nikafunga kamba yangu kibuyuni, nikachukua jani. Lilikuwa jani zuri, refu, halina tundu. Nikalilainisha kwa mate. Nikasokota bila haraka. Msokoto nikauweka pembeni. Nikainama kuitazama pombe kabla ya kuinywa, maana macho nayo yanakunywa. Nikaona inatetemeka. Viduara vidogo vinatoka katikati vinakwenda pembeni. Vinakoma. Vinarudi.

Nikasema, mkono wangu huu umeanza tena. Nikauangalia mkono. Ulikuwa gotini kwangu. Sikuwa nimekishika kibuyu.

Ndugu zangu, sijui niwaambieje. Nikadaka kamba ile, nikahisi inavutwa kidogo, kidogo, kama samaki mdogo kwenye ndoana. Si mara tatu. Ni mara nyingi zisizohesabika. Nikaita, "Shemeji!" Nikazungusha gogo, ndoo ikaja nyepesi. Tupu.

Nikapiga yowe. Wakaja wanaume wa maduara ya jirani. Mmoja mtu mzima akanusa mdomo wa shimo, akateremsha koroboi kwa uzi. Ikazimika. "Hewa nzito," akasema. Wakakata matawi yenye majani, wakayafunga kwenye kamba, wakawa wanayashusha na kuyapandisha kwa nguvu ili hewa izunguke. Wengine wakamwaga maji ukutani. Mimi nikakimbilia gogo nishike. Yule mtu mzima akanitazama mikono, akanitazama kibuyu na kamba iliyofungwa pale, akaelewa yote.

"Wewe toka hapo."

"Ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana nakwambia toka hapo."

Nikasema, basi niteremsheni mimi. Hakuna aliyebisha. Nadhani walifikiri ni haki.

Wakanifunga kitambaa chenye maji usoni, nikashuka. Chini nilipapasa, nikamkuta amekaa ameegemea ukuta, kichwa kifuani. Kamba ya kuitia ilikuwa imezungushwa kwenye kidole chake, na kidole kilikuwa bado kinavuta. Hana fahamu, lakini kidole kinavuta. Nikamvua kamba ile kidoleni, nikamfunga kwenye kamba ya ndoo, nikapiga kelele, wakampandisha.

Nikabaki. Kamba moja tu inayobeba mtu, na imeondoka naye. Nikaanza kusubiri. Kichwa kikawa kizito, masikio yanalia. Nikashika kamba ya kuitia nikavuta mara tatu. Hapo ndipo nilipokumbuka kule juu imefungwa wapi. Nilikuwa naita kibuyu.

Sijui nilikaa muda gani. Wao wanasema ulikuwa mfupi sana. Mimi nimekaa mle miaka mingi, hata sasa nyumba ikinyamaza ghafla naangalia mkono wangu kama una kitu. Ndani ya kiza kile sikuomba sala ndefu. Nilisema tu, nikitoka, nitajua anayesubiri chini anasubiri nini. Kisha kamba ikateremka.

Shemeji alizinduka kabla jua halijashuka. Alitapika, akaomba maji. Mke wangu alipofika aliambiwa yote. Hakunipigia kelele. Nilitamani apige. Alikaa chini na mikono kichwani, halafu akasema, "Baba, mimi sitaacha kupika pombe, ndiyo inayovisha watoto. Itakuwa inanuka humu ndani kila siku. Wewe utaona utakaa vipi nayo."

Nikakaa nayo. Wiki za kwanza nilitoka jasho, nikaona wadudu ukutani ambao hawapo. Pale Nyarugusu hakuna aliyenipa kamba kushika. Nilichota maji tu na kubeba mawe, wakanipa jina ambalo sitalitaja hapa kwa sababu kuna akina mama. Aliyeniokoa alikuwa shemeji mwenyewe. Kila ilipofika saa yangu ya kunywa alikuja na mkonge, akakaa mbele yangu, tukasokota kamba. Vidole vilitaka kusokota, basi visokote. Hakutaja siku ile. Alinitania kuhusu ng'ombe wangu waliokonda, basi.

Mvua zilipokwisha akaja asubuhi, akasema, "Twende duarani."

Nikamwambia siwezi. Tafuta mtu mwingine. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile yenyewe.

"Mwingine ataifunga mkononi kwa sababu ni desturi," akasema. "Wewe utaifunga kwa sababu unajua."

Akaifunga yeye mwenyewe, kwenye kiungo hiki hapa. Akashuka. Nikasimama nimekodoa macho, sikumeza hata mate. Alipovuta mara ya kwanza, nililia. Ilikuwa mara moja tu, anataka ndoo.

Sijaonja tangu hapo. Wabeja sana, nawashukuru wanaume wale wa maduara, waliokata matawi bila kuniuliza maswali. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunificha harufu. Na wewe shemeji uliyekaa karibu na mlango kwa sababu hupendi kusifiwa, nashukuru.

Ninyi mnaoanza safari hii, sikuwaambia mchukie kile mlichokipenda. Nimeshindwa kukichukia. Nawaambia hivi tu: kila mmoja wetu ana mtu aliye chini, anayetegemea mkono wetu, awe mtoto, mke, au mama mzee. Angalieni mmeweka nini katikati yenu na yeye. Kitoeni leo, maana yeye hawezi kujua kama kipo, na ataendelea kuvuta.