Makofi Tumpigie Nani?

Ndani ya basi la kwenda Garissa, Deeq aligawa tikiti za bure kama tende za futari. Sahra, aliyeketi nyuma yake, akatega sikio.

“Ni tamasha la jazi, eedo, shangazi yangu. Tarumbeta inapigwa Nairobi, ngoma Ulaya, sisi tunawaona mubashara kwa projekta ukutani.”

“Kwa hiyo makofi nimpigie nani, ukuta?” mama wa makamo aliyeketi kando ya Deeq akauliza.

“Mbona ndoa zinafungwa kwa simu, bwana harusi yuko Marekani?”

“Binti yangu aliolewa hivyo. Mwaka wa nne huu, wallahi, mume anasikika vizuri sana.”

Basi likasimama kwenye kizuizi cha polisi, abiria wakashuka na vitambulisho. Sahra, hina mikononi, anayeolewa kwa simu Ijumaa, ndiye aliyeshuka wa mwisho.