Mama Abrehet Zigta, Aliyekataa Kumlilia Debesay

Mama yetu mpendwa, Abrehet Zigta, alizaliwa mwaka 1943 juu ya mji wa Alitena, katika milima yetu ya Irob karibu na mpaka, mtoto wa pili wa mzee Zigta Woldu, mrina asali. Alisoma kwa masista hadi darasa la tatu, akatoroka. Mwenyewe alisema benchi lilimuuma. Kutulia hakukujua tangu utoto.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na baba yetu, Hagos Souba, aliyetangulia mwaka 1991. Kazi ya mama ilikuwa kufuga nyuki. Kila alipojifungua alimtengea mtoto mzinga, na asali yake haikuguswa bila ruhusa ya mwenyewe.

Mei 2000, jeshi letu lilipanda milima kuikomboa Alitena, iliyokuwa mikononi mwa Waeritrea kwa miaka miwili huku sisi tukiishi mapangoni. Kaka yetu Debesay alipewa punda watatu wa kupeleka maji na risasi mstari wa mbele. Mama aliwafunga punda hao mawe mikiani, kwa kuwa punda asiyeinua mkia halii, na adui alikuwa ng'ambo ya bonde akisikiliza.

"Nawe ningekufunga jiwe mdomoni," alimwambia, maana Debesay hakujua kutembea bila kuimba.

"We nifunge tu, mama, ila asali yangu isiguswe. Huyo mdogo wangu Niguse namjua!"

Alitena ilikombolewa. Punda wawili walirudi, mawe yao yangali mikiani. Debesay hakurudi.

Tangu hapo mama akawa kiguu na njia, akimtafuta milimani. Askari walimpigia kelele, "Mama, rudi! Huko kuna mabomu ya ardhini!" Akawajibu, "Basi yaniambie mwanangu yuko wapi." Mwaka uliofuata padre na majirani walikuja kuweka matanga. Aliwapa kahawa, akajitwika chungu cha moshi wa kufukizia nyuki, akatoka.

"Mlieni aliyekufa," alisema. "Wangu kachelewa tu."

Septemba 2018, mpaka wetu na Waeritrea ulipofunguliwa, alivuka na picha ya Debesay, akazunguka masoko ya upande wa pili. Alirudi na kikohozi kilichoshuka mapafuni. Alilazwa hospitali ya Adigrat, na mara mbili wauguzi walimkuta kituo cha basi. Alifariki tarehe 11 Januari 2019. Siku hiyo alinishika mkono.

"Niguse, mtanizika peke yangu. Umenisikia? Peke yangu."

Wazee wetu wa ukoo wameomba leo tumlie mama pamoja na Debesay, uwe msiba mmoja, yaishe. Nawaheshimu, lakini hapana. Mimi naamini kaka yangu alifia mlimani, na kulisema kunaniuma. Lakini asali ile si yangu kuigusa.

Marehemu ameacha watoto watatu: Debesay, Medhin na Niguse, pamoja na wajukuu watano.

Mama, hukuketi miaka yote hii. Pumzika sasa kwa amani. Zamu ya kumtafuta ni yetu.