Bi. Wawira Muriithi, "Mama Bangi" Wetu, Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Wawira Muriithi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili akiwa afisa wa afya ya umma. Kumi na minane ya mwisho amehudumu hapa kwetu Nkubu.

Mzaliwa wa Runyenjes, si Mmeru kwa kuzaliwa, aliolewa huku kwetu Kanyakine, na tangu hapo hajachoka kututania kwamba Wameru tunasalimiana kama watu wanaogombana. Alianza kwa kukagua vyoo vya shule na bucha za sokoni. Wenye bucha walijaribu sana kumlainisha kwa nyama, hasa Krismasi ikikaribia. Wote waliambulia patupu, na kaunta zao wakazisugua.

Jina la "Mama Bangi" alilipata alipopewa kazi ya kuwaelimisha vijana kuhusu dawa za kulevya. Nusura limponze. Askari mmoja mgeni pale Kianjai alisikia kwamba Mama Bangi atafika sokoni, akamvizia na pingu. Alimkuta mama wa makamo amebeba mabango ya wizara. Akaishia kumsaidia kuyabandika.

Mumewe, Mwalimu Muriithi, alipenda kuandamana naye kwenye mabaraza. Ni mzee wa kanisa, hajawahi kulala rumande hata siku moja, na bangi aliilaani kwa sauti kubwa kuliko mkewe. Akimaliza kuilaani alikuwa akitoka nje kuvuta sigara. Alikuwa mvutaji wa pakiti nzima kwa siku.

Siku moja kule Kanyakine, kijana aitwaye Kiunga aliinua mkono. "Madam, sigara imeandikwa inaua na bado iko kwa duka. Bangi haijaandikwa kitu. Sasa mbaya ni gani? Na mzee wako si yuko hapo nje anavuta?"

Watu wakaangua kicheko. Bi. Wawira alicheka pia, kisha akawajibu bila kuzunguka. Bangi haina onyo kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuiuza. Kuilima, kuimiliki au kuivuta ni kosa, na gerezani utafika. Inavuruga kumbukumbu, inamdhuru zaidi kijana ambaye ubongo wake bado unakua, na wengine huwapeleka wodi ya wagonjwa wa akili. Moshi wake nao unakwaruza kifua. Sigara sheria inairuhusu kwa aliyetimiza miaka kumi na minane, mradi asivutie mahali pa umma, lakini inaleta saratani, inaziba mishipa ya moyo na inachakaza mapafu. Inazika watu wengi kuliko bangi, na kuiacha ni kazi ngumu. Sheria kukuachilia, akasema, si sawa na mapafu kukuachilia. Wazee waliokuwa na ugoro mkononi waliufunga taratibu wakautia mfukoni. Waliokuwa wakitafuna miraa walitazama chini wakiomba asifike kwao.

Kisha akamgeukia Kiunga. "Na huyo mzee wangu, namwogopea kuliko nyinyi wote."

Mwalimu aliyasikia yote akiwa mlangoni. Alikasirika, tena sana. Kwa wiki kadhaa Bi. Wawira alikuja kazini peke yake, na sisi tuliomzoea tulijua nyumbani hakuna maongezi. Pia wapo waliolalamika kwamba ameanza kuipigia debe bangi, wakataka arudi kwenye hotuba ya zamani ya kuilaani bangi peke yake. Alikataa katakata. Alisema ukimdanganya kijana kuhusu kitu kimoja, hatakuamini tena hata ukimwambia ukweli.

Mwalimu ndiye aliyechukua hatua ya kwanza. Alikuja mwenyewe hospitalini kupimwa kifua, bila kumwambia mkewe, akaambiwa mapafu yameharibika na kwamba sehemu iliyokwisha haitarudi. Akaacha sigara. Aliteseka, alizirudia mara mbili, akaacha tena. Huu ni mwaka wa sita hajagusa. Kiunga naye siku hizi ana kiosko, na sigara hauzi.

Tulimwomba Bi. Wawira abaki kwa mkataba wa miaka miwili. Tulidhani atakubali, maana hakuna anayeipenda kazi hii kuliko yeye. Alitujibu kwamba shamba lao la kahawa liko chini mtoni, na Mwalimu bado anaweza kushuka, lakini kupanda kurudi nyumbani anapumzika mara nne. Mwaka jana ilikuwa mara mbili. Anataka kutembea naye wakati bado anaweza. Wengine wetu tulitoka nje ya ofisi kidogo.

Asante, Bi. Wawira, kwa yote uliyotufundisha. Tutakukosa mno. Nenda nyumbani bila wasiwasi, kazi hii tutaisukuma. Tunakutakia wewe na Mwalimu maisha mema, na asubuhi nyingi za kukipanda kile kilima pamoja, polepole, mkipumzika kila mnapotaka.

Mutugi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako