Hyasinta Benjamini, Mama Aliyewatetea Samaki wa Kumwagwa

Mama Hyasinta Benjamini, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ndala, Tabora, tarehe 14 Mei 1928, binti wa mzee Benjamini na mama Agnesi. Alisoma shule ya misheni palepale hadi darasa la nne. Angeendelea, ila baba yake alisema msichana mwenye mdomo ule hahitaji cheti.

Mwaka 1949 alifunga ndoa na Pantaleo Lugembe. Wakapanda treni hadi Dar es Salaam, mume akapata kazi bandarini, wakapanga chumba Mchafukoge. Hyasinta akaanza kukaanga samaki Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Mnyamwezi wa bara, bahari kaiona ukubwani, lakini samaki wake hawakuwahi kulala.

Mwaka 1974, mwaka ule wa njaa, mteja wake Bakili, baharia wa meli ya kuvua kamba, alimwambia huku anatafuna:

"Sisi tunataka kamba tu, mama. Samaki wengine wakiingia wavuni tunawamwaga baharini, wameshakufa. Meneja anasema wanatumalizia barafu."

"Mnamwaga? Na watu wanapanga foleni ya unga! Laana hiyo, Bakili."

Tangu hapo hakunyamaza. Alisema kwa balozi wa nyumba kumi, akasema tawini, akasema kwenye mikutano ya akina mama. Alipigiwa makofi, akanyweshwa soda, na samaki wakaendelea kumwagwa. Alipomfuata meneja mwenyewe, Bwana Shaibu, karani alidai bosi yuko kikaoni, kumbe viatu vyake vinaonekana chini ya pazia!

Machi 1976 mama mzazi wa Shaibu alifariki. Shaibu ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Msibani mtani hazuiwi wala hakasirikiwi. Jeneza lilipotaka kutoka, Hyasinta aliketi kizingitini, miguu kainyoosha, mapajani beseni la samaki ambao Bakili aliwaokoa melini.

"Hapiti mtu hapa!"

Wafiwa wakacheka na machozi yao. Shaibu akatoa noti, kama watani wanavyopozwa. Hyasinta akaikataa.

"Kaa nayo, Mzaramo wee! Nipe neno mbele ya mama yako. Samaki hawa mtawaleta nchi kavu, watu wapate kula."

"Hyasinta, jua linapanda."

"Na lipande."

Shaibu alilitazama jeneza, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tutawaleta," akasema. Hyasinta akasogea, akamlilia marehemu kuwashinda wenye msiba.

Haukupita mwezi, meli za Shaibu zikashusha samaki wale sokoni Feri, na wanyonge wakapata kitoweo. Meli za wengine hazikufuata. Hizo alizisema miaka yote.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1982. Tulihangaika naye hospitali, akipata nafuu anarudi kikaangoni. Jioni ya tarehe 9 Februari 1984, bintiye Celina alimsihi aache kuongea, apumzike.

"Nikinyamaza, watamwaga," alijibu. Hatukupata neno lingine kwake. Alifariki usiku uleule, na kwa kweli tumeumia.

Ameacha mume, mzee Pantaleo. Watoto Celina, Wilbert na Winifrida. Wajukuu, na sisi wadogo zake aliotulea kwa makaripio na vichwa vya samaki.

Dada, umesema vya kutosha. Pumzika kwa amani. Kelele tuachie sisi.