Fumbeni Macho: Mwalimu Mwongeli Anaaga Geti

Ijumaa hii, tarehe 24 Oktoba, kengele ya kufunga muhula itakapolia, Mwalimu Mwongeli Kilonzo, naibu wa mwalimu mkuu, atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba ya kufundisha, na sheria inasema inatosha. Sheria haikutuuliza sisi. Tungeulizwa, walimu tungeomba aongezewe mingine thelathini na saba, na baadhi ya wazazi wenye magari wangeomba aondoke jana.

Alianza kazi Kikima, kule juu Mbooni, ambako gari pekee lililofika shuleni lilikuwa la mkaguzi, na darasa zima lilitoka nje kulishangaa. Kutoka hapo alihamishiwa Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Huko, husema mwenyewe, alijifunza mambo mawili: kwamba lori halina macho, na kwamba aliyekula mlo wa bure wa hekalu la Masingasinga hawezi kurudi darasani akiwa na hasira. Akapita Kitui kwa miaka michache, kisha mwaka 2009 akatua hapa mjini Wote na sanduku moja, viondo viwili, na sauti ambayo haijawahi kuhitaji spika.

Amefundisha hesabu. Wanafunzi wake hawasahau somo la sehemu, kwa sababu alilifundisha kwa chapati za kweli, na kila mtoto alikula jibu lake. Aliyesema kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo kwa vile nane ni kubwa kuliko nne alipewa thumuni yake, akakaa akiwatazama wenzake. Hakurudia kosa hilo. Mmoja wa watoto hao leo ni mhasibu wa kampuni kubwa, na inasemekana bado hukata chapati kwa uangalifu mwingi.

Lakini tusidanganyane. Mwalimu Mwongeli hajulikani Wote nzima kwa sababu ya chapati. Anajulikana kwa sababu ya geti.

Anayesoma jarida hili akiwa mbali pengine hajui geti letu asubuhi. Ugatuzi ulipoifanya Wote makao makuu ya kaunti ulituletea maofisi, na maofisi yakaleta magari, na magari yote, kwa sababu ambayo hakuna profesa aliyeweza kunieleza, yanataka kusimama mahali pamoja: mbele ya geti la shule, juu ya mstari wa manjano, magurudumu mawili kwenye njia ya watoto. Uwanja wa kanisa uko ng'ambo ya barabara, mpana, mtupu, na mchungaji ametangaza mara nyingi kwamba kuegesha ni bure. Haupati hata gari moja la Probox. Mzazi anaona afadhali afunge barabara nzima kuliko mwanawe atembee mwendo wa kumaliza ndizi.

Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nashukisha tu!" Kisha anawasha taa za hazadi, zile za tahadhari zinazopepesa. Mkenya akishawasha hazadi anaamini gari lake limegeuka hewa na watu wanaweza kupita katikati yake. Wakati huo watoto waliotoka Unoa kwa miguu, wenye vumbi hadi magotini, wanapenya kati ya bampa na bampa ili mtoto wa kiti cha ngozi asikanyage tope. Mnaosema hili ni jambo dogo, njooni msimame pale siku moja mkiwa na kimo cha mtoto wa miaka sita.

Shule ilijaribu kila njia. Mzee Ndululu, bawabu wetu, alipanga mawe yaliyopakwa chokaa. Wazazi waliyatumia kuzuia magurudumu gari lisirudi nyuma. Tukaweka bango la USIEGESHE HAPA. Mama mmoja aliegesha chini yake kwa sababu ya kivuli.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua za Novemba, miaka mitatu iliyopita. Kanini, mtoto wa gredi ya kwanza, mdogo kama jina lake la Kikamba linavyosema, alikuwa anapenya nyuma ya pikapu nyeupe iliyobeba tangi la maji. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Mzee Ndululu akapiga bodi kwa rungu, ikasimama, kisha dereva, muziki ukiwa juu na vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua, akadhani anaruhusiwa kwenda, akapunga mkono na kuondoka zake. Nyuma yake ulibaki mkebe wa chakula uliosagika bapa kama karatasi, na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, umetapakaa kwenye lami. Kanini alikuwa amesimama mwendo wa kiganja kutoka pale. Alilia kwa ajili ya muthokoi wake. Mwalimu Mwongeli alimbeba hadi ofisini, na yeye alilia kwa ajili ya jambo lingine.

Kesho yake alfajiri alisimama getini. Gari la kwanza lilipanda mstari wa manjano, likawasha hazadi. Mwalimu hakufoka wala hakugonga kioo. Aliweka mkono wa kulia juu ya boneti, akainua wa kushoto, akasema kwa ile sauti: "Wazazi na watoto, tufumbe macho, tuombe."

Wasomaji, hapo ndipo penye ujanja wote. Ukambani unaweza kumkatiza mtu akihutubia, akila, hata akilia. Mtu anayeomba hakatizwi. Dereva alivua kofia. Akazima injini, kwa sababu si heshima injini kunguruma Bwana akitajwa. Wa boda boda wakavua helmeti. Barabara yote ikanyamaza, na Mwalimu akafungua kinywa.

"Baba mwema, tunakushukuru kwa gari hili. Tunakushukuru kwa magurudumu yake manne, mawili yakiwa barabarani na mawili umeyaruhusu yapande njia ya watoto wako. Mkumbuke mwenye gari. Ulimpa miguu tangu tumboni mwa mamake, na leo ameisahau. Mfufulie miguu yake, Bwana! Mwonyeshe uwanja wa kanisa, kama ulivyowaonyesha wana wa Israeli nchi ya ahadi, ila yeye asichukue miaka arobaini."

Watoto mia tatu wakaitikia: "Amina!" Dereva aliondoka akiwa na jasho, na hatujawahi kumwona tena upande ule wa barabara.

Kila asubuhi na kila jioni tangu siku hiyo, aliyeegesha vibaya aliombewa. Aliyejitetea aliombewa zaidi. "Mwalimu, ni dakika moja tu!" alilia baba mmoja dirishani. "Na dakika yake, Bwana, uitazame!" akajibu Mwalimu, macho bado yamefumbwa, na ombi likarefuka hadi kengele ya pili. Mama mwingine alijaribu kumkomesha kwa kuanza wimbo wa tenzi. Walimu wote wakaupokea kwa sauti nne, akalazimika kukaa hadi ubeti wa mwisho.

Siwezi kumwacha Bwana Amin, anayeuza magodoro pale sokoni. Ukoo wake ulitoka Pwani zamani, na ni Waislamu wema ambao wameishi nasi hadi Kikamba chao kinatushinda. Siku yake ya kwanza getini alikuwa ameegesha upande upande, anaongea kwa simu, na hakujua kwamba gari la nyuma linaombewa. Ghafla akasikia watoto mia tatu: "Amina!" Akaruka nje. "Naam! Nani ananiita? Nimefanya nini?" Watu walicheka hadi wakashika ua. Alihamisha gari palepale, na tangu hapo hujisifu kwamba ndiye mzazi pekee ambaye kila dua inamtaja kwa jina.

Vita vikubwa vilikuwa na Bwana Kyule. Huyu ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu mkarimu aliyetujengea vyoo vya gredi za chini, na aliyeamini kwamba anayejenga choo anamiliki na geti. Siku moja alisimamisha pikapu yake kwenye mstari, muziki juu, hazadi zinawaka, akaingia ofisini kusalimu. Alipotoka, Mwalimu alikuwa ameshaiombea na kwenda zake darasani. Bwana Kyule akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya. Betri ilikuwa imekufa, kama betri yoyote inayolishwa muziki na hazadi kwa saa nzima. Lakini Wote haikutaka kusikia habari za betri. Kufikia mchana soko lilikuwa limeamua kwamba maombi ya Mwalimu yanaua injini, na wenye midomo mirefu wakaanza kunong'ona juu ya kamuti, ule uchawi wa Kikamba.

Bwana Kyule hakucheka. Aliitisha kikao cha bodi, na ajenda ilikuwa moja: Mwalimu Mwongeli apendekezwe kuhamishwa, kwa kuwaaibisha wazazi na kulitumia jina la Mungu vibaya. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na kidogo astaafu. Angemalizia kazi ugenini, na geti lingerudi kuwa kituo cha kila aliye na ufunguo. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa vichwani. Tulioalikwa kuwakilisha walimu tulikaa kama watu waliokuja kutambua maiti.

Ila kikao chetu, kama kikao chochote huku kwetu, hakiwezi kufunguliwa bila maombi. Mchungaji alikuwa amechelewa. Bwana Kyule akatazama huku na huku, akaona uso uliozoea kazi hiyo, na ulimi wake, kwa mazoea ya miaka mingi ya kumwita mama kwa Kikamba, ukamponyoka: "Mwaitu, hebu tufungulie kwa neno la maombi."

Alimwomba mshtakiwa! Katibu aliangusha kalamu. Mwenyekiti mwenyewe aligundua, lakini macho ya watu yalikuwa yamefumbwa tayari.

Mwalimu aliomba kwa sauti ya chini, ambayo hatukujua kwamba anayo. Alishukuru kwa vyoo. Alishukuru kwa mkono uliovijenga. Kisha akamshukuru Mungu kwa asubuhi moja ya mvua, kwa rungu la Mzee Ndululu, kwa mtoto aliyesimama mwendo wa kiganja, kwa muthokoi uliomwagika badala yake. "Na tunakushukuru kwa dereva wa pikapu nyeupe yenye tangi la maji," akasema, "ambaye alitupungia mkono akaenda kazini kwake kwa amani, na mpaka leo hajui alichoepushwa. Umlinde, Baba. Wala asilale akiwa na hofu kwa ajili ya jambo hilo. Umpe tu mahali pengine pa kuegesha."

Pikapu nyeupe zinazobeba matangi ya maji kwenda kwa wateja, katika Wote hii, zinajulikana ni za nani. Hakumtaja. Karibu miaka miwili alikuwa amelijua jina hilo, na hakuwahi kulitoa kinywani hata siku alipokasirishwa.

Tulipofumbua macho Bwana Kyule alikuwa bado ameyafumba, na mikono yake ilikuwa ikiikunja karatasi ya ajenda, ndogo, ndogo zaidi. Mwishowe akasema, "Amina. Kikao kimefungwa." Kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa.

Kesho yake asubuhi pikapu nyeupe ilikuwa uwanjani kwa kanisa, peke yake, kama ng'ombe aliyepotea. Bwana Kyule alivuka barabara akimshika mwanawe mkono. Alipofika getini akamsalimu Mwalimu, akainama kumtafuta mtoto mmoja anayeitwa Kanini, akampa mkebe mpya wa chakula. Wiki hiyo uwanja wa kanisa ulijaa.

Sasa niseme yanayonichoma. Tangu habari za kustaafu zitoke, kuna magari yameanza kunusanusa ule mstari tena, kama fisi wanaongoja mwenye nyumba asafiri. Wiki iliyopita niliona hazadi. Wenye hizo hazadi wajue kwamba walimu wote tumejifunza kuomba, na kwamba mimi ombi langu ni refu kuliko la Mwalimu na halina upole wake hata kidogo.

Kamati ya maandalizi, chini ya Bwana Kyule, ilimuuliza Mwalimu anataka zawadi gani. Walitaja tangi la maji, blanketi, mbuzi. Mbuzi amekwishapatikana, na Mzee Ndululu anamlisha vizuri kuliko anavyojilisha mwenyewe. Lakini Mwalimu aliomba kitu kingine: Ijumaa atoke kwa miguu, getini, katikati kabisa, bila kugusa boneti ya mtu.

Basi wageni wote, wakubwa na wadogo, wenye bendera kwenye magari na wasio nayo, mtaegesha uwanjani kwa kanisa na kuvuka kwa miguu mliyopewa. Bwana Kyule atakuwa barabarani mwenyewe kuwaelekeza, na Kanini, ambaye sasa yuko gredi ya nne na amerefuka hadi jina lake halimtoshi, atatoka mbele akiwa na mkebe wake.

Mwaitu, asante kwa hesabu, kwa chapati, kwa kila mtoto aliyefika darasani mzima. Uende Kikima ulikoanzia ukapumzike, ulime, ulale hadi jua likuchome. Maisha yako yawe mema na marefu kama maombi yako. Tazama kushoto, tazama kulia: njia ni nyeupe.

Amina.

Na wewe Bwana Amin, keti tu. Hujaitwa.