Mlinzi wa Paa la Kadif na Eda ya Mjane Wake

Nani humu ndani hajawahi kufokewa na Babu Hamdun azime taa, au avute pazia, eti ndege zitamuona? Nyanyueni mikono, nyinyi wa upande wa wanaume, japo siwaoni, maana mimi nasoma nikiwa chumba cha wanawake na sauti yangu inawafikia kwa hiyo spika iliyowekwa juu ya friji, na nimeambiwa nisome polepole, kwa adabu, tena nisichanganye lugha, halas, nitajaribu. Mimi ni Nada, mjukuu wa marehemu, mtoto wa Saif, mhitimu wa uhandisi wa umeme na bingwa wa kukaa nyumbani. Aliyetakiwa kusoma ni baba, lakini alipofika ukurasa wa pili alinirudishia karatasi, akasema, "Nada, haya yana moto, soma mwenyewe."

Kabla sijaanza naomba jambo moja lieleweke, ili mtu asije akasema baadaye hakujua. Bibi Jokha, mjane wa marehemu, amekaa hapa ubavuni mwangu, ameingia eda, na haifai atoke nyumba hii mpaka tarehe kumi na tisa Mfungo Tatu, lakini ikama yake, hicho kibali cha kuishi nchini, iliyokuwa imening'inia kwenye ikama ya Babu tangu zama na zama, imekufa pamoja na Babu, na kafili wetu, mdhamini wetu mbele ya serikali, Ami Murad bin Khelef, ambaye yuko huko kwenu anakunywa kahawa, amesema Jumapili ofisi zikifunguliwa atamwombea huruji nihai, yaani ruhusa ya kutoka nchini asirudi, na hiyo mwisho wake ni siku sitini. Eda ni miezi minne na siku kumi. Mimi nimesoma hesabu, nyinyi mmesoma fikihi, tutazame nani atapata jawabu kwanza.

Sasa historia.

Marehemu Hamdun bin Nasor alizaliwa Malindi, Unguja, mwaka 1924, tarehe haijulikani, ingawa ikama yake ilisema mosi Rajab, kama zisemavyo ikama za nusu ya wazee wa mtaa wetu huu wa Bani Malik, Jeddah, ambao wote makarani waliwazaa siku moja. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Nasor, mshona kofia, na Bi Salma. Alihitimu msahafu akiwa na miaka tisa, akaingia skuli ya serikali, akatoka darasa la sita mwaka 1939 baada ya kumwambia mwalimu kwamba ramani ukutani imekosewa, na kwa kuwa ramani kweli ilikuwa imekosewa, hakusamehewa.

Mwezi wa Aprili 1940 alivuka kwenda Mombasa, akajiongezea miaka mitatu mdomoni, akaajiriwa kuchochea makaa katika meli ya Kiingereza. Watu walikuwa wakimuuliza vita vya ndege alivionaje, na jawabu lake lilikuwa moja siku zote, kwamba hakuviona, alivisikia, kwa sababu wakati ndege za Kijerumani zikiishukia misafara ya meli katika mlango wa bahari wa Uingereza, na ndege za Kiingereza zikizikimbiza, yeye alikuwa chini ya usawa wa maji, koleo mkononi, na chuma cha meli kikimletea kila kitu, risasi kama choroko zinazomwagwa kwenye sinia, na bomu likikosa kama mtu anapiga mlango kwa bega. Huko ndiko alikojifunza kuzijua injini kwa sikio. Ndege za mabomu za Mjerumani, alisema, zilikuwa zikienda kwa mapigo, na mabaharia wa Kiswahili walisikia zinauliza, u-wapi, u-wapi, u-wapi, basi nao walinyamaza kimya kana kwamba zingewasikia wakijibu.

Disemba ya mwaka huo meli ilifika Kadif, bandari ya Welsi huko Uingereza, ambako mabaharia Waswahili, Wasomali na Wayemeni walikuwa na mtaa wao kando ya bandari, Babu akashushwa kwa homa ya mapafu, na meli ikaondoka bila yeye, na haikufika ilikokwenda. Alipopata nafuu hakukaa. Alijiandikisha kulinda moto, kazi ya kukesha juu ya paa la ghala na ndoo za mchanga, maana mabomu ya moto yalikuwa madogo kama chupa ya soda, yanamwagwa kwa mamia, na ukiliwahi moja kwa ndoo ya mchanga umeokoa mtaa, usipoliwahi hutakuwa na mtaa. Usiku wa tarehe 2 Januari 1941 mji ulipigwa tangu jua kuzama, kukiwa na mbalamwezi na barafu imeganda njiani, na asubuhi Babu akashuka paani moja kwa moja akaenda kufukua watu.

Mmoja aliyemfukua ni mwanamke aliyekuwa akikodisha vyumba, Bi Pritchard, alikuwa amebanwa chini ya meza yake ya jikoni, na muda wote Babu anachimba yule mama alikuwa ameushika mkono wake, anasema, "Thank you, sir, God bless you, sir." Babu alikuwa mweupe pe kwa vumbi la chokaa, nywele, kope, kila kitu. Wiki chache baadaye akatafuta chumba, akaelekezwa nyumba moja, akanawa uso vizuri, akabisha hodi, mlango ukafunguliwa na Bi Pritchard yuleyule, sasa anakaa na dada yake, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Sorry, no coloureds," yaani weusi hapana, akafunga. Babu akitusimulia alikuwa akicheka mpaka anakohoa, "Kosa langu, kwa nini nilinawa?" Mimi sikuwahi kucheka. Nimepiga interview kumi na mbili Jeddah na Riyadh, naujua huo mlango.

Alibaki Uingereza mpaka 1946, akazoea blakauti, ile amri ya kuzima taa na kuziba madirisha usiku ndege zisiuone mji, hata akasahau kuzoea mwanga. Alirudi Unguja, akafanya kazi ya mashine za boti bandarini, na tarehe 10 Agosti 1962 akamuoa Bi Jokha binti Abdalla, mwenye umri wa miaka ishirini, ambaye usiku wa kwanza alishtuka kumwona bwana harusi anaziba upenyo wa dirisha kwa taulo. Bibi ananiambia hapa niwaambie alidhani anaziba ili majirani wasisikie. Chekeni, ruhusa.

Mwaka 1964, Mapinduzi yalipotokea, walikimbia. Huko Mombasa Babu alikwenda kwa karani mmoja wa Kizungu nyuma ya dirisha, akamwekea kitabu chake cha ubaharia na barua ya shukrani ya walinzi wa moto, akaambiwa kwamba yeye ni mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, lakini ulinzi huo haumpi ruhusa ya kuingia Uingereza. Yaani tunakulinda, ila mafi nafasi kwetu. Basi wakaja Jeddah, mwezi wa Novemba 1964, wao na rafiki yake wa utotoni, Mzee Khelef, Mungu amrehemu, baba wa Ami Murad.

Na hapa ndipo njia zao zilipogawanyika, kwa neno moja tu. Baadaye walipokwenda pamoja ofisi ya uraia, kwenye foleni moja, Mzee Khelef alipoulizwa wewe ni wa wapi alitaja kabila la babu wa babu yake, na Babu alipoulizwa alinyoosha kifua akasema, "Zinjibar." Khelef akapata uraia, Hamdun akapata ikama, na Khelef akawa kafili wa Hamdun. Hakukuwa na ubaya kati yao, nasema hivyo kwa moyo safi, Mzee Khelef alimsainia Babu kila karatasi bila kuisoma, na alipofariki ukafili ukaingia kwa mwanawe. Lakini Ami Murad, unaposema "sisi wenyeji", kumbuka uenyeji wako ulipatikana dirisha lilelile.

Marehemu alifanya kazi bandari ya Jeddah mpaka 1978, kisha akahamia Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, akiwa fundi wa matangi ya mvuke katika kiwanda cha kufulia nguo, hadi alipoacha kazi 1992 na kurudi hapa Bani Malik. Walijaaliwa watoto wawili, Saif na Lina, na wajukuu saba.

Makombora ya Iraq yalipoanza kuipiga Riyadh, Januari 1991, majirani walikimbilia kununua maji na betri, yeye akafungua sanduku akatoa pazia jeusi. Ami Murad wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka kumi na tisa, amewekwa kwao na baba yake, na kila king'ora kilipolia Babu alikuwa akiwapanga wote chini ya ngazi, mtu na nafasi yake, na Bibi Jokha alimpa Murad nafasi ya ndani kabisa, penye ukuta, yeye akakaa upande wa kioo. "Mwanangu wa watu," alisema, "nitamjibu nini Khelef?" Bibi ananifinya niache. Naacha, Bibi. Nasoma tu historia.

Mwaka 2023 ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa Khartoum, nimemaliza mtihani wa mwisho, nasubiri cheti, na tarehe 15 Aprili asubuhi vita vikazuka, ndege zikaanza kuupiga mji. Nilimpigia baba, akalia, nikampigia shangazi Lina, akalia, kisha simu akachukua mzee wa miaka tisini na tisa, sauti kavu kabisa, "Nada, uko ghorofa ya ngapi? Shuka. Kaa chini ya ngazi. Jaza maji kila chombo, hata kikombe. Na usilale bila viatu, vioo ndivyo vitakukata, si bomu." Kila mtandao uliporudi alikuwa akinipigia, ananiuliza nimekula nini, nani yuko nami, paa ni la zege au la bati. Siku moja ndege ilipita juu yetu, akasikia, akasema, "Niwekee simu dirishani." Nikaiweka. Akaisikiliza mpaka ikapita. Nikamuuliza, "Babu, inasema nini?" Akasema, "Za zamani zilikuwa zinauliza. Hii haiulizi mtu, hii yajua."

Ndiyo siku pekee niliyomsikia anaogopa. Nilitoka kwa basi mpaka Bandari Sudan na kutoka pale kwa meli mpaka hapa Jeddah, na yeye alikaa juu ya kiti cha magurudumu getini mwa bandari mpaka nilipotokeza, askari wakimwambia, "Yalla, ya haji, rudi nyumbani," naye hasikii. Cheti changu kilibaki chini ya dari iliyoanguka. Nikienda kuomba kazi wananiuliza, "Where is the original?" Nawaambia kaulizeni angani.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Oktoba iliyopita, kifua kilekile cha Kadif. Alilazwa mara mbili, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 9 Shaaban 1445, sawa na 19 Februari 2024, alifariki nyumbani, chumba hiki, mkono wake mkononi mwa mkewe, akazikwa baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea hata siku ambazo kadi ya bima ilikuwa imekwisha, wazee wa bandarini waliobeba jeneza na wengine wao wanahitaji kubebwa, na majirani wote wa jengo hili, hasa dada Peris, Mkenya, anayefanya kazi kwa madam wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa akipanda na uji kila alipopata dakika, akisimama mlangoni na kusema, "Mzee, leo utakunywa hii uji ama niite polisi?" na Babu, aliyekataa uji wa kila mtu, alikuwa akiunywa wote. Peris hayupo leo, madam hakumpa ruhusa, lakini jina lake lisomwe.

Babu, umelala, na ulale vyema kwa rehema za Mola wako, sisi huku bado tuko macho.

Sasa Ami Murad. Jana ulimwambia baba yangu, "Saif, nidhamu ni nidhamu, faili la marehemu lazima lifungwe, na mama ana miaka themanini na mbili, sitaki matatizo." Lifunge la Babu, hatukukatazi. Lakini baba yangu hawezi kumbeba mama yake, kwa sababu kwenye ikama yake imeandikwa dereva, na dereva haruhusiwi kuwa na mama nchini. Unayeweza ni wewe. Unguja hana nyumba, hana ndugu aliye hai, hata mtaa aliozaliwa hataujua. Usimpeleke mjane uwanja wa ndege na nguo za eda. Usiniambie inshallah, usiniambie tutaona, usiniambie nitaongea na wakili. Jumapili usiombe huruji. Omba kuhamisha kafala, udhamini wa Jokha binti Abdalla, uje kwa jina lako mwenyewe, na useme hivyo sasa hivi mbele ya hawa wazee wote, kabla hujatoka mlango huu.