Theluji ya Mama na Hita ya Basi

Remigio na wenzake wa chama cha wafanyakazi walikuwa wakirudi Santiago kutoka wikendi ya kuteleza kwenye theluji mlimani, ambako yeye aliteleza kwa makalio tu. Theluji ilikuwa imeifunika barabara, na basi dogo likijikokota kwa minyororo iliyofungwa magurudumuni. Kwenye kiti cha mbele yake mwanamke alipakata ndoo ya theluji ya kupeleka nyumbani, kama wafanyavyo watu wa Santiago washukapo mlimani.

"Dereva, zima hita! Theluji yangu inayeyuka!"

"We mama, nje imejaa tele, si uchote huko chini?" akasema mwanamume aliyeketi kando ya mwanamke huyo, meno yakigongana.

"Huko chini ni matope, baba. Mama yangu ameuona mlima huu dirishani maisha yake yote, theluji hajaigusa. Na daktari kasema msimu ujao hafiki."

"Basi kwa baridi hii na mimi nitangulie ahera nikamsubiri!" akasema yule mwanamume.

Abiria wakaangua kicheko. Remigio hakucheka. Aliwakumbuka mmoja mmoja mabwana matajiri waliouzungushia mlima ule uzio maskini wasiufikie, na hotuba nzima juu ya haki ya yule mama mgonjwa kuigusa theluji ikampanda kooni. Si yeye aliyewafundisha wafanyakazi wa viwanda vizima kwamba ngao ya mnyonge ni mnyonge mwenzake?

Dereva akasimamisha basi kwenye kizuizi cha barabarani, akageuka. "Tupige kura basi. Anayetaka hita izimwe, anyooshe mkono."

Remigio akaitafuta mikono yake. Yote miwili ilikuwa imejichimbia kwapani, penye joto, na imegoma.